Ziwa Naivasha lina thamani gani? Tuipige hii hesabu polepole

Ukisikia mtu anaongea juu ya Ziwa Naivasha kwenye redio au kwenye mkutano, karibu kila mara atasema ziwa hili lina thamani ya mabilioni, na akiulizwa mabilioni gani ataonyesha maua. Kenya kuna miaka imepata zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka kwa maua yake yote, sehemu kubwa inatoka Naivasha, basi hiyo ndio thamani ya ziwa, mjadala umefungwa. Mimi naona hesabu hiyo imeanza vibaya na ubaya wake si wa kisomi tu, unaumiza watu kabisa, manake ukishaamini thamani ya ziwa ni maua basi kila asiye na maua anakuwa mgeni kwenye ziwa. Mvuvi wa ufukwe wa Kamere mgeni, mama wa mtaa wa Karagita anayenunua maji kwa mtungi mgeni, Mmaasai anayeteremsha ng'ombe wake wakati wa kiangazi mgeni, na mkulima wa Kinangop, huko juu mito inakotoka, ambaye pengine hajawahi hata kukanyaga ufukwe wa Naivasha lakini udongo wa shamba lake ndio unaishia humo, huyo hata hatajwi.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Liko Bonde la Ufa, kimo cha kama mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita tisini hivi kutoka Nairobi. Maji yake mengi yanaletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, mengine yanakuja na Gilgil, na Karati ambao wakati wa kiangazi unakauka. Hakuna mto unaotoka. Kwa kawaida ziwa la namna hiyo lingekuwa la magadi kama majirani zake Nakuru na Elementaita, lakini Naivasha maji yake ni matamu kwa sababu yanapenya chini kwa chini kwenye miamba na kuondoka na chumvi. Hizo njia za chini ya ardhi ndio mtaji wa kwanza kabisa wa ziwa, na hakuna aliyezijenga wala anayezilipia. Kama zisingekuwepo flamingo wangejaa pale na hakuna waridi hata moja lingemea. Tangu 1995 ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sasa swali. Watu wanauliza ziwa zima lina thamani gani kana kwamba kuna mnunuzi nje ya geti anasubiri bei. Hakuna mnunuzi. Swali lenye maana ni hili: ziwa likishuka mita moja, au maji yakiharibika kiasi fulani, au mafunjo yakikatwa upande fulani, nani anapoteza nini na nani anapata nini? Thamani inapimwa kwenye mabadiliko. Ukitaka thamani ya ziwa lote jibu lake ni kwamba bila maji hakuna mji, hakuna kitu, kwa hivyo namba haina mwisho, na namba isiyo na mwisho haimsaidii afisa anayeamua atoe kibali kingine cha kuvuta maji au asitoe.

Hata hivyo kishawishi cha namba moja ni kikubwa, na kuna njia ya mkato ambayo inatumika sana. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature makadirio ya thamani ya huduma za mazingira, yaani kazi ambazo asili inatufanyia bure, za dunia nzima, na kwa maziwa na mito waliweka dola 8,498 kwa hekta kwa mwaka. Basi mtu anachukua ukubwa wa Naivasha, tuseme kilomita za mraba 139, hizo ni hekta 13,900, anazidisha, anapata kama dola milioni 118 kwa mwaka, anaandika kwenye ripoti. Inapendeza. Lakini fikiria 2020. Maji yalipanda, ziwa likatanuka, mtaa wa Kihoto ukaingia maji, familia zikahama, viboko wakawa wanatembea kwenye ploti za watu. Kwa kanuni ile ya hekta ziwa mwaka huo lilikuwa limeongezeka thamani! Hekta zimeongezeka, dola zimeongezeka, na kila choo cha shimo kilichozama Kihoto kimehesabiwa kama faida ya taifa. Sisemi Costanza alikosea kazi yake, alikuwa anataka dunia ishtuke na ilishtuka, ninachosema ni kwamba bei ya wastani ya dunia huwezi kuiweka juu ya ziwa moja ambalo kila muongo linapanda na kushuka kwa mita kadhaa, ambako maji yakizidi ni hasara na yakipungua pia ni hasara.

Haya, turudi kwenye maua maana hapo ndipo pesa ilipo na ndipo makosa yalipo.

Mauzo si thamani ya maji. Ukiuza waridi kwa shilingi kadhaa, ndani ya hizo shilingi kuna mshahara wa anayekata na anayepanga kwenye chumba cha baridi, kuna mbolea, dawa, plastiki ya grinihausi, kuna mrabaha wa yule aliyevumbua aina ya ua huko Ulaya, kuna ndege ya usiku kutoka Nairobi, kuna riba ya benki. Maji ni kimoja tu kati ya hivyo. Njia inayotumika na wachumi ni kutoa gharama zote, pamoja na faida ya kawaida ambayo mwenye mtaji angeipata akiweka pesa yake mahali pengine, halafu kinachobaki unakigawanya kwa maji yaliyotumika. Nitoe mfano, na hizi ni namba za kuonyesha njia tu: tuseme hekta moja inauza milioni 10 kwa mwaka, gharama zote na faida ya kawaida ni milioni 9.2, na imetumia kyubiki, yaani mita za ujazo, 16,000 za maji. Ukigawanya mauzo kwa maji unapata shilingi 625 kwa kyubiki, hiyo ndio namba ya jukwaani. Ukigawanya kilichobaki, yaani laki nane, unapata shilingi 50. Tofauti ni zaidi ya mara kumi na mbili kwa maji yale yale.

Na hata hizo hamsini zote si za maji. Naivasha iko karibu na ikweta, saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima, usiku baridi kwa sababu ya kimo, barabara nzuri hadi uwanja wa ndege. Sehemu ya kile kinachobaki ni malipo ya jua na barabara. Halafu kuna jambo lingine ambalo mashamba yenyewe yameshatuonyesha: mengi siku hizi yanakinga mvua kwenye mapaa ya grinihausi, yanapanda juu ya vitanda visivyo na udongo ili maji yarudi yatumike tena. Kama shamba linaweza kuokoa kyubiki moja kwa gharama ya shilingi 30, basi kwa shamba hilo kyubiki ya ziwani haiwezi kuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 30, hata mauzo yawe ya dhahabu. Kwa hivyo thamani ya maji ya ziwa kwa maua ina kikomo, na kikomo chenyewe kinashuka kadiri teknolojia inavyoongezeka.

Sasa linganisha na kilichokuwa kinalipwa. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ada ya kuvuta maji ya umwagiliaji kuwa senti 50 kwa kyubiki kwa kyubiki 300 za kwanza kwa siku, na senti 75 kwa zinazozidi hapo. Senti, si shilingi. Mwaka 2012 Mesfin Mekonnen, Arjen Hoekstra na Robert Becht walitoa utafiti juu ya maji yaliyomo ndani ya maua ya Naivasha, wakakuta waridi moja linabeba lita 7 hadi 13, ukijumlisha maji ya mvua, maji ya kunyunyizia, na yale ambayo yangehitajika kuzimua mbolea na dawa. Chukua lita 10. Kwa ada ya senti 75 kwa lita elfu moja, waridi moja lilikuwa linalipia ziwa chini ya senti moja. Maua mia moja, senti 75. Waridi hilo linakwenda Uholanzi, linauzwa mnadani, linafika kwa mpenzi wa mtu Februari 14, na ziwa limelipwa kitu ambacho hakuna hata sarafu yake.

Kwa hivyo tunazo bei tatu za kitu kimoja: ya jukwaani kubwa mno, ya ada ndogo mno, na ya kweli mahali fulani katikati. Ugomvi mwingi wa Naivasha unatokana na kuruka kati ya hizo tatu. Wakati wa kuomba heshima kwa serikali kampuni zinataja ya kwanza, wakati wa kulipa zinataja ya pili.

Kuhusu ajira nitasema hivi. Kwenye hesabu kavu mshahara ni gharama, sio faida. Lakini hesabu kavu inachukulia kwamba yule dada wa Karagita akikosa kazi ya maua kesho anaingia kazi nyingine ya mshahara ule ule, na sisi wote tunajua hilo si kweli, wengi walitoka mbali kuja kwa hiyo kazi na nyumbani hakuna kinachowasubiri. Kwa hivyo sehemu ya mshahara lazima iingie upande wa faida, yaani tofauti kati ya anachopata na kile angepata kama shamba lisingekuwepo. Ila tahadhari: Machi 2020, soko la Ulaya lilipofunga kwa sababu ya korona, maua yalitupwa na watu wakarudishwa nyumbani kwa maelfu, na ziwa lilikuwa limejaa maji kuliko miaka mingi iliyopita. Maji yalikuwepo, kazi hazikuwepo. Kwa hivyo hatuwezi kuipa ziwa sifa ya kila mshahara, ajira zile zinashikiliwa na soko pia, na kama tunazijumlisha zote kwa ziwa tunajidanganya.

Tuje kwa samaki, na hapa naomba tukae kidogo manake ndipo njia za kiuchumi zinapochanganya watu zaidi.

Samaki wa biashara wa Naivasha karibu wote wameletwa. Black bass aliletwa kutoka Marekani 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, baadaye wakaja aina za tilapia, 1970 akaletwa kamba wa maji matamu kutoka Marekani vilevile ambaye alikula majani ya majini karibu yamalizike. Kufikia 2001 uvuvi ulikuwa umeanguka hadi serikali ikaufunga kwa mwaka mzima. Miaka hiyo hiyo ndio akaanza kuonekana kapi, yule samaki wa masharubu ambaye hakuna mtu aliyempangia kuwa ziwani, na ndani ya miaka michache ndiye alikuwa amejaa kwenye nyavu kuliko wengine wote.

Ukipiga hesabu ya samaki kwa njia ya kawaida, unachukua kilo zilizovuliwa unazidisha na bei ya ufukweni, unatoa gharama ya boti, nyavu, laisensi na muda wa mvuvi. Tatizo ni kwamba ziwa ambalo ni rahisi kuingia, faida halisi inaelekea sifuri. Siku uvuvi ukilipa vizuri watu wanaongezeka, wenye boti za laisensi na wale wanaoingia kwa miguu majini bila karatasi yoyote, mpaka kila mmoja anapata ya kula tu. Mchumi wa haraka atakuja aangalie faida sifuri, aandike kwamba uvuvi hauna thamani, ushauri wake utakuwa funga uvuvi waachie maji wengine. Na huo ni upuuzi, samahani kwa neno. Faida imekuwa sifuri kwa sababu ya jinsi uvuvi unavyoendeshwa, samaki mwenyewe bado yuko na watu bado wanamla. Familia inayopata protini ya bei nafuu Naivasha mjini ipo, kijana asiye na kazi nyingine ana kitu cha kufanya asubuhi, mama anayekaanga ana meza yake. Hesabu sahihi inauliza mambo mawili: kwanza, watu wangelipa kiasi gani zaidi kwa protini nyingine kama samaki hayupo, pili, uvuvi ukisimamiwa vizuri ungeacha faida kiasi gani. Tofauti kati ya hiyo ya pili na ile sifuri ya sasa ndio bei ya usimamizi mbovu, na mimi ningependa hiyo namba iandikwe kila mwaka kwa wino mwekundu.

Na kapi mwenyewe analeta shida nyingine ya hesabu. Anachimbua matope chini akitafuta chakula, maji yanakuwa mavurugu, mimea ya majini inakosa mwanga. Kwa mvuvi huyu samaki ni mshahara, kwa anayesafisha maji ya kunywa au anayepeleka watalii kuangalia ndege ni gharama. Kwa hivyo huwezi kuchukua thamani ya samaki, thamani ya maji safi, thamani ya ndege, ukazipanga safu moja ukajumlisha tu. Zingine zinakulana.

Mafunjo nayo yana mtego wake. Yale matete marefu ya pembezoni, hasa upande wa kaskazini ambako Malewa na Gilgil wanaingia, yanapunguza kasi ya maji ya mto, udongo unatuama, mbolea iliyosombwa mashambani inanyonywa. Kwa miongo mingi yamekatwa na kukanyagwa kila maji yaliposhuka na watu wakalima hadi ukingoni. Thamani yake unaipataje wakati hakuna risiti? Mfano mzuri uko kwa majirani, Kampala. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walipima bwawa la mafunjo la Nakivubo linalochuja maji taka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria, karibu na pale jiji linapovuta maji yake ya kunywa. Waliuliza, bwawa hili likiondoka itabidi jiji litumie kiasi gani kujenga na kuendesha mitambo ya kufanya kazi hiyo hiyo? Wakapata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Njia hiyo inaeleweka hata na diwani ambaye hakusoma uchumi, na Naivasha inafaa kufanyiwa hivyo hivyo. Ila kuna masharti mawili. Gharama ya mtambo ni thamani tu kama kweli watu wangeujenga, kama wasingeujenga umepima ndoto. Na kama tayari umehesabu maji safi kwenye faida ya maua na kwenye samaki, basi usiyahesabu tena kwenye mafunjo, manake ni maji yale yale yanapitia milango miwili. Mafunjo yana kazi, samaki na maua ni matunda ya kazi hiyo. Chagua upande mmoja.

Utalii nitapita haraka. Njia ni kuangalia watu wametumia kiasi gani kufika na kukaa, nauli, hoteli, boti, siku ya kazi waliyoacha. Shida ni kwamba mgeni wa nje amekuja kwa ajili ya Maasai Mara na akalala Naivasha njiani, na wa Nairobi wikendi ile pengine amekuja kuendesha baiskeli kwenye mbuga ya Hell's Gate. Tangu 2021 Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia Naivasha inajaa hadi watu wanalala kwenye magari, na ukichukua takwimu za hoteli za wiki hiyo utadhani viboko ndio wamevutia umati. Mvuke wa Olkaria pia uko hapa hapa, kituo cha kwanza cha stima kilianza 1981, na maji ya ziwa yanatumika kuchimba visima, lakini stima ile inatoka kwenye joto la ardhi. Ziwa linastahili thamani ya maji ya kuchimbia tu, nukta.

Nakuru mjini ndio inasahaulika kila mara. Maji ya Turasha, kijito cha Malewa, yanakingwa na kupelekwa kwa bomba Gilgil na hadi Nakuru, ambayo iko nje kabisa ya bonde hili la Naivasha. Kila lita inayokwenda Nakuru haifiki ziwani. Mtu wa Nakuru anafungua bomba akidhani Naivasha haimhusu, na kumbe yeye ni mtumiaji wa ziwa sawasawa na shamba la maua, ila anachukua maji yake kabla hayajafika.

Halafu kuna swali ambalo mimi naona ndio gumu kuliko yote, la kuuliza watu wenyewe. Njia inayojulikana ni kumuuliza mtu, uko tayari kulipa kiasi gani ili ziwa libaki lilivyo? Mmiliki wa hoteli atasema laki, mfugaji wa Kimaasai atasema pengine mia mbili, na kompyuta itahitimisha kwamba mwenye hoteli analithamini ziwa mara mia tano. Hapana. Imepima mfuko wa mtu ikaita hiyo mapenzi yake. Kabla ya mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha, Wamaasai ndio walikuwa wanalisha na kunywesha mifugo katika bonde hili, na hadi leo kiangazi kikikolea wanatafuta njia za kufika majini katikati ya seng'enge. Ukimuuliza atalipa kiasi gani kufika kwenye maji umeshaamua kwamba maji si yake. Geuza swali: tukulipe kiasi gani ukubali usiteremke tena ziwani? Atakutazama na pengine hatataja bei yoyote. Mwenye hoteli na mfugaji wakiulizwa maswali mawili tofauti ramani nzima ya thamani inageuka, na kuchagua swali lipi la kuuliza ni suala la haki, hakuna fomula itakayokuchagulia. Anayefanya utafiti lazima aseme wazi amechukua upande gani.

Upande wa juu wa mto kulikuwa na jaribio ambalo linatufundisha mengi. Kuanzia 2010 hivi, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, chama cha watumiaji maji wa ziwani, ambamo makampuni ya maua yamo, kilianza kuwalipa wakulima wa Wanjohi na Upper Turasha ili wapande nyasi za kukinga udongo, miti, waache ukingo wa mto bila kulima. Malipo yalikuwa vocha ya kama dola 17 kwa mkulima kwa mwaka, ya kuchukulia pembejeo dukani. Watu wengine wakaandika kwamba basi tumepata bei ya huduma ya mazingira ya Malewa, dola 17. Mimi napinga. Hiyo ni kiasi ambacho walio chini walikubali kutoa, haionyeshi udongo uliozuiwa unaokoa nini ziwani, wala haionyeshi mkulima alipoteza nini kwa kuacha kipande cha viazi. Wakulima wengi waliendelea kwa sababu nyasi zile ng'ombe wanazila na maziwa yanaongezeka, yaani faida ya shambani kwake mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko vocha. Hilo ni jambo zuri sana kulijua, kwa sababu linamaanisha pesa kidogo iliyowekwa mahali sahihi inasukuma kitu kikubwa.

Muda nao unataka kuangaliwa. Shilingi elfu moja ya miaka 30 ijayo, ukitumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo kila mwaka wa kungoja unapunguza thamani ya pesa, cha asilimia 10 kama wanavyopenda watu wa miradi, leo ni shilingi 57. Ukitumia asilimia 3 ni 412. Ziwa ambalo udongo unalijaza taratibu kwa miongo, ukilipima kwa asilimia 10 utaambiwa kulihifadhi hakuna faida, na ni ziwa lile lile na watu wale wale. Kwa hivyo ripoti yoyote ikikuletea thamani ya Naivasha bila kutaja kiwango kilichotumika, irudishe.

Kama ningepewa kazi hii nisingeleta namba moja. Ningeanza na vimo vya maji, kwa sababu tayari kuna mpango wa ugawaji maji wa bonde la Naivasha wenye kijani, njano na nyekundu kama taa za barabarani, kadiri ziwa linavyoshuka ndivyo wavutaji wanavyobanwa. Mpango huo ulizaliwa baada ya ukame wa 2009, maji yalipokuwa chini vibaya na Februari 2010 samaki wakaelea wamekufa. Basi kwa kila rangi ningeandika nani anapoteza kiasi gani kyubiki moja zaidi ikivutwa: shamba, mvuvi, mfugaji, mji. Wakati wa kijani kyubiki moja pengine haimuumizi mtu, na hapo hata ada kama ile ya senti 75 si mbaya sana. Wakati wa nyekundu kyubiki hiyo hiyo inamgharimu mvuvi, inamgharimu mfugaji aliyetembea siku mbili, na hapo ada kama ile ya senti 75 ni zawadi kwa anayevuta. Ada ifuate rangi. Na ningeweka pia rangi nyingine, ya maji kuzidi, manake Kihoto imeshatufundisha kwamba juu nako kuna hasara, ya nyumba na vyoo na magonjwa, na pale nyumba zilijengwa mahali ambapo ziwa lilishawahi kufika zamani.

Na pesa itoke wapi? Wale watafiti wa 2012 waliopima maji ya waridi walipendekeza mnunuzi wa mwisho wa ua, huko Ulaya, ndiye aongezewe tozo ndogo ya maji. Walikadiria maji yanayotoka bonde la Naivasha ndani ya maua ni kama kyubiki milioni 16 kwa mwaka kwa kipindi cha 1996 hadi 2005. Hata ukiyalipisha yote kwa senti 75, pamoja na ya mvua ambayo hayalipiwi, unapata shilingi milioni 12 kwa bonde zima. Sasa gawanya kyubiki hizo kwa lita 10 kwa ua, ni kama maua bilioni 1.6. Shilingi moja tu kwa kila ua, ambayo mnunuzi wa Amsterdam hataiona kwenye risiti yake, ni shilingi bilioni 1.6 kwa mwaka. Vocha ya dola 17 kwa bei ya shilingi ya 2010 ilikuwa kama 1,350. Pesa hiyo ingetosha vocha za aina hiyo kwa zaidi ya wakulima milioni moja, na bonde zima halina wakulima wengi hivyo. Hata robo yake ingetosha kulipa mkulima wa juu mara kadhaa ya vocha ile, kurudisha mafunjo kaskazini, na kuweka walinzi wa uvuvi wenye mishahara. Kilichobaki kuamuliwa ni nani anaishika hiyo shilingi ikishafika, Nairobi, kaunti mbili za Nakuru na Nyandarua, au vyama vya watumiaji maji vyenyewe, na mimi kura yangu iko kwa vyama vya watumiaji maji, mradi mvuvi na mfugaji wawe na viti mezani na kura yenye uzito sawa na ya mwenye shamba.